Jicho, sikio, pua na ngozi: niliyojifunza nikiwa muuguzi wa zahanati

Nilipopangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi, zahanati ya kijiji katika mkoa wa Dodoma, nilikwenda nikiwa na hofu ya chumba cha kujifungulia. Chuoni tulisoma sana habari za mama anayevuja damu, kifafa cha mimba, mtoto anayezaliwa bila kulia. Hofu hiyo ilikuwa ya haki na bado ninayo. Lakini wengi waliojaa kwenye benchi letu kila asubuhi hawakuja kwa hayo. Walikuja na jicho linalowasha, sikio linalotoa usaha, pua iliyoziba, mwili unaowasha usiku kucha. Kwa hao, nilijikuta sina la kufanya zaidi ya kuandika dawa.

Tulikuwa na tabibu mmoja na wauguzi wachache. Tabibu akiitwa semina wilayani, mgonjwa anaonwa na muuguzi, na ndivyo zahanati nyingi zinavyokwenda. Utaratibu niliokuta ulikuwa wa haraka. Mgonjwa akisema macho, anapewa tyubu ya dawa ya macho. Akisema sikio, anapewa amoksilini. Akisema kujikuna, losheni ya upele. Yote hayo yalifanyika mtu amekaa kwenye kiti chake, meza ikiwa katikati. Wengi walipona, kwa sababu magonjwa mengi ya namna hii hupona, mengine hata bila dawa, na kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kubadilisha kitu. Wasiopona hawakuja kutulalamikia. Walikwenda duka la dawa, wakaenda kwa mganga, wakarudi kwetu mwisho kabisa, jicho likiwa limeshaharibika au mtoto amepoteza usikivu.

Nawaandikia wauguzi wanaoanza kazi, na wazazi pia, maana mengi ya haya mzazi anaweza kuyaona kabla ya sisi.

Cha kwanza kilichonisaidia ni kuhamisha kiti cha mgonjwa. Chumba chetu kilikuwa na giza, na balbu ya njano inaficha umanjano wa macho, inaficha weupe wa mtu mwenye upungufu wa damu, inaficha vipele. Niliweka kiti dirishani, mgonjwa akaelekea kwenye mwanga wa jua. Tochi ndogo ya mwanga mweupe niliinunua kwa hela yangu. Kifaa cha kuangalia ndani ya sikio, otoskopu, tulichangishana wafanyakazi, na kwa mishahara yetu iliuma. Kama zahanati yako haina, usisubiri hadi ipatikane. Dirisha, tochi, pamba, kidole chenye glavu na muda wa kumsikiliza mtu vinakufikisha mbali.

Kuuliza nako kuna namna yake. Lini lilianza, upande mmoja au pande zote mbili, linauma au linawasha, kuna mwingine nyumbani mwenye hali kama hiyo. Kisha lile swali ambalo watu hawapendi kulijibu: mmeweka nini. Niliona wenzangu wakiuliza, "Umeweka dawa za kienyeji?" na mama anakataa papo hapo, kwa sababu ameshajua atafokewa. Mimi huuliza, "Mama, kabla ya kuja hapa, nyumbani mlimsaidiaje?" Hapo anasema. Maziwa ya mama kwenye jicho, chai ya rangi, maji ya majani, mkojo. Mafuta ya moto sikioni. Unga wa vidonge juu ya kidonda. Akishasema, simfokei. Namweleza kwa nini asirudie, naandika kwenye daftari, naendelea kumpima.

Kwenye macho, kabla ya kuwasha tochi, ninapima uwezo wa kuona. Chati yetu ni ile ya herufi E zinazoelekea pande tofauti, kwa sababu asiyejua kusoma anaonyesha kwa mkono tu. Inahitaji mita 6, na chumba chetu hakina urefu huo, kwa hiyo tulipima mita hizo nje, tukapiga alama chini, chati ikatundikwa kwenye mwarobaini wa uani. Jicho moja linafunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza, la pili linasoma, kisha unabadilisha. Asiyeona hata E kubwa ya juu, mwoneshe vidole ahesabu kwa mita 3, halafu mita 1, halafu mkono unaopunga, halafu mwanga wa tochi. Andika ulichopata kwa kila jicho. Mtu anaweza kuishi miaka na jicho moja tu linaloona bila kujua, mpaka siku lile zima lifunikwe.

Tunaanza na hilo kwa sababu jicho jekundu linaloona vizuri na haliumi sana ni habari tofauti kabisa na jicho jekundu ambalo halioni. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na baadaye mikoa mingine, foleni zilijaa watu wenye macho yanayotoa machozi na tongo, wengine yamevimba hadi hayafumbuki asubuhi. Karibu wote walikuwa na maambukizi ya virusi, yale yanayoisha yenyewe kwa kunawa mikono, kutoshirikiana taulo na kuacha kupekecha. Hatari ya siku kama hizo ni kwamba yule mmoja mwenye jambo zito anapita katikati ya wengi. Jicho linalouma kwa ndani, lisilovumilia mwanga, lililopungukiwa uwezo wa kuona, lenye doa jeupe kwenye kioo cha mbele, au lenye mboni isiyo duara au isiyosinyaa ukimulika tochi: huyo hapewi tyubu akaambiwa arudi baada ya wiki. Anakwenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtu aliyechomwa jichoni na bua la mtama au jani la mhindi akivuna. Kidonda kidogo cha kioo cha jicho kikiingiwa na fangasi kinakula jicho taratibu, na majani yaliyokamuliwa humo yanaongeza uchafu juu ya jeraha.

Kuna mmoja tu ambaye hatusubiri kumpima kuona. Ni yule aliyeingiwa na kemikali, iwe dawa ya kuogeshea mifugo, chokaa au maji ya betri, au aliyetemewa sumu na swila. Maji safi, mengi, ya kutiririka, kwa nusu saa, kope zikiwa zimefunuliwa, hata kabla ya kuuliza jina. Kichwa kinalazwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie kwenye lile zima. Mkiwa shambani, fanyeni hukohuko. Msianze kutafuta pikipiki kwanza.

Bibi mmoja alinifundisha kufunua kope. Alikuja kwa ajili ya mgongo. Nikaona anafumba jicho la kushoto kila akigeukia dirisha, na machozi yanamtiririka.

"Shikamoo bibi. Na hilo jicho?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hilo ni la siku nyingi. Kuna nywele humo, mimi huzing'oa mwenyewe."

Akafungua fundo la kanga yake. Ndani kulikuwa na pesa zilizokunjwa na kibano cha bati, kimetengenezwa na fundi wa kijijini, ncha zake zimelika kwa kutumika. Nilimwomba aangalie chini kwenye magoti yake. Nikashika nywele za kope la juu kwa ncha za vidole, nikaweka kijiti chenye pamba juu ya kope, nikaligeuza. Ngozi ya ndani, ambayo kwa kawaida ni laini ya waridi na mishipa yake inaonekana, ilikuwa na michirizi myeupe ya makovu. Nilipolirudisha na kumulika kwa upande, niliona nywele nne, fupi na ngumu, zimeelekea ndani, zikikwaruza kioo cha jicho kila alipopepesa. Karibu na ukingo kioo kilikuwa kimeanza kuwa na ukungu.

Huo ni vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao mkoa wetu unaujua vizuri. Huko Kongwa watafiti wameufuatilia tangu miaka ya 1980. Unaanza utotoni, kwa bakteria wanaopita kwenye vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso zenye kamasi na tongo. Ukigeuza kope la mtoto ukakuta vijipele vyeupe vitano au zaidi katikati, kila kimoja angalau nusu milimita, hapo ugonjwa uko kazini. Makovu huja baada ya kuambukizwa tena na tena kwa miaka, na wanawake wanaumia zaidi kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Bibi alifanyiwa upasuaji mdogo wa kope wilayani bila kulipa, na aliyemfanyia alikuwa muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Kabla ya hapo alikuwa amepita mbele ya watumishi wa afya mara nyingi, kliniki za wajukuu, chanjo, mgongo, na hakuna aliyegeuza kope. Inachukua muda mfupi kuliko kuandika jina lake kwenye rejesta. Tangu siku ile, mzee yeyote anayetokwa machozi mbele yangu ninamgeuza kope.

Kwa watoto kuna mambo mawili ya macho ambayo nawasihi wazazi wasiyachukulie polepole. La kwanza ni mboni nyeupe. Mama mmoja alisema usiku jicho la mwanawe linang'aa kama la paka, na kwenye picha ya simu mboni moja ilitoka nyekundu, nyingine nyeupe. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho la watoto. Zote mbili zinatibika zikiwahiwa. Saratani hiyo inatibiwa kwenye hospitali za Muhimbili na KCMC, na ikicheleweshwa inatoka kuwa ya kuokoa jicho inakuwa ya kuokoa uhai. Mama akisema ameona kitu jichoni mwa mwanawe, mwamini hata kama wewe hukioni.

La pili ni matone ya dukani. Watoto wengi huku wana mzio wa macho: yanawasha sana, yanapekechwa mchana kutwa, weupe wa jicho unakuwa na rangi ya kahawia, uteute unavutika kama uzi. Mzazi ananunua matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho, jicho linatulia kwa siku mbili, anashukuru. Wakati wa vumbi linarudi, ananunua tena. Baada ya miezi ya hivyo presha ya macho inapanda bila maumivu, na inachukua uwezo wa kuona ambao haurudi. Nimemwona kijana wa shule ya msingi aliyefikia hapo. Baba yake alikuwa ameweka vichupa vyote kwenye mfuko wa plastiki, akaniletea kuonyesha jinsi alivyomhangaikia mtoto. Ni kweli alimhangaikia. Sikujua niseme nini, nikavipanga mezani kimoja kimoja nikisoma maandishi, na kila kimoja kilikuwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi.

Masikio sasa. Kabla ya kuingiza chochote, bonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu na vuta sikio kidogo. Mgonjwa akiruka kwa maumivu, tatizo liko kwenye njia ya nje, mara nyingi kwa sababu ya kuchokonoa: njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kijiti cha pamba. Asiporuka na bado anaumwa, angalia ndani zaidi. Kwa mtu mzima vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke. Kwa mtoto mchanga vuta chini na nyuma. Anza na sikio lisiloumwa, ili ujue la mtu huyu likiwa zima linafananaje, na usibebe maambukizi kutoka bovu kwenda zima. Ngoma ya sikio yenye afya ina rangi ya kijivu inayong'aa. Ikiwa nyekundu na imevimba kuelekea nje, mtoto ana haki ya kulia usiku.

Kisha pitisha kidole nyuma ya sikio, kwenye mfupa. Kila mara, pande zote mbili. Uvimbe hapo unaouma, hasa ukisukuma sikio mbele, maana yake usaha umeingia kwenye mfupa, na kutoka hapo hauko mbali na ubongo. Huyo anapewa dozi ya kwanza ya antibiotiki na anasafiri leo.

Sikio linalotoa usaha tunaligawa kwa siku. Chini ya siku 14, mwongozo wa watoto unasema antibiotiki ya kumeza na kukausha sikio. Siku 14 au zaidi, dawa ya kumeza haisaidii. Linahitaji kukaushwa na matone ya antibiotiki yaliyoruhusiwa kwa sikio lenye tundu. Watoto wengi walikuwa wameshakunywa amoksilini chupa baada ya chupa kwa usaha wa miezi, na hakuna aliyemfundisha mama kukausha. Kukausha ni hivi: kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au tishu laini iliyo imara, unasokota utambi, unauingiza taratibu, unauacha ulowe, unautoa, unaweka mwingine, mpaka unatoka mkavu. Angalau mara tatu kwa siku. Si njiti yenye pamba, maana pamba inabaki ndani. Nilikuwa namwonyesha mama mara moja, kisha namwomba afanye yeye nikimwangalia, na hapo ndipo unapoona kama ameelewa. Wapo wanaoamini usaha ukizuiwa unarudi kichwani. Ninawaambia hatuzuii, tunautoa, wengi huridhika.

Usikivu nao upimwe. Simama nyuma ya mgonjwa, urefu wa mkono, sikio lisilopimwa likiwa limezibwa, nong'ona neno, yeye alirudie. Kwa mtoto mdogo muulize mama: ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka? Huko shuleni nimekuta watoto wenye usaha wa miaka ambao walimu waliwaita wakaidi. Walikuwa wanachapwa kwa kutofuata maagizo ambayo hawakuyasikia. Jambo hili linanikasirisha mpaka leo, na ndiyo maana huwa naandika barua kwa mwalimu: mtoto huyu akae dawati la mbele, sikio lake zima lielekee ubaoni.

Pua watu wanaidharau kuliko vyote, na ilinipa somo zito. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu hivi, kamasi zinamtoka tundu la kulia tu, na harufu iliyokuwa inawafanya watoto wenzake wamkimbie. Kadi yake ilikuwa na dozi juu ya dozi. Bibi mzaa baba alikuwa ameshasema mtoto amerogwa. Nilimpakata kwenye mapaja ya mama, mgongo wake kifuani kwa mama, mkono mmoja wa mama ukimkumbatia mikono, mwingine kwenye paji la uso. Nikainua ncha ya pua kwa kidole gumba na kumulika. Nyuma ya kamasi ya kijani kulikuwa na ukingo wa kitu cha kijivu, chenye vitundu. Nilimwita tabibu, naye akakivuta kwa koleo ndogo: kipande cha sponji ya godoro, kimelowa na kuoza. Chumba kizima kilinuka. Mama alilia, nadhani zaidi kwa maneno aliyokuwa ameyasikia nyumbani kuliko kwa kile kipande.

Kamasi chafu ya tundu moja kwa mtoto ni kitu kimekwama humo mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Kama ni kitu kigumu na laini kwa juu, kama shanga au harage, na mtoto ametulia, mama anaweza kumpulizia mdomoni pumzi fupi ya nguvu huku tundu lisilo na kitu limezibwa, na mara nyingi kinatoka. Ukijaribu kukikamata kwa kidole unakisukuma nyuma. Harage likiwa sikioni usimwagie maji, litavimba. Mdudu aliye hai sikioni auawe kwanza kwa mafuta ya kula yasiyo ya moto, kama sikio halikuwa na usaha wala tundu. Na betri ndogo ya duara, ya saa au rimoti, iwe puani au sikioni, ni dharura: inaunguza nyama ndani ya saa chache. Usiweke tone lolote, mpeleke.

Damu ya puani: mgonjwa akae ainame mbele, abane ile sehemu laini ya pua, apumue kwa mdomo, dakika 10 kwa saa bila kuachia kuchungulia. Kichwa kikiinuliwa nyuma anameza damu na kutapika. Kwa mzee, pima presha wakati anabana.

Ngozi ndiyo iliyonisumbua muda mrefu. Picha za vitabu tulivyosomea zilikuwa za watu weupe, na maelezo yote yanasema wekundu. Kwa ngozi zetu, uvimbe wa moto mara nyingi unaonekana mweusi zaidi, au wa zambarau, au wa kijivu. Niliacha kutafuta wekundu, nikaanza kugusa. Mgongo wa kiganja unatambua joto. Linganisha mguu na mguu, mkono na mkono. Na mgonjwa avue nguo, nyuma ya pazia, kwa heshima, akiwa na ndugu kama anataka. Ukimwangalia palipoonyeshwa tu utaona alichokwishakiona yeye.

Upele, ule unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozini, unajificha kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kitovuni, kwapani, sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hata viganjani, nyayoni na kichwani. Unawasha zaidi usiku, na nyumbani kuna mwingine anayejikuna. Familia nzima itibiwe siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, nguo na mashuka vifuliwe na kuanikwa juani. Losheni ya benzili benzoeti inachanganywa na maji kwa watoto kulingana na umri; usiwape ya watu wazima. Na waambie mapema kwamba kuwashwa kunaweza kuendelea kwa wiki kadhaa hata wadudu wakiwa wamekufa. Wasipojua hilo wanarudia losheni kila siku mpaka ngozi inababuka. Upele wenye usaha nao usichezewe: mtoto akivimba uso asubuhi na mkojo ukawa mweusi, figo zimeguswa.

Mwanamume mmoja alikuwa na baka mgongoni alilolipaka dawa ya fangasi muda mrefu. Halikuwa na magamba, halikuwasha, lilikuwa na rangi hafifu kuliko ngozi ya jirani, na vinyweleo vyake vimepungua. Nilichonga ncha ya pamba, nikamgusa mkononi akiangalia, aelewe mchezo. Kisha akafumba macho, aoneshe kwa kidole kila ninapogusa. Mgongoni alikuwa anasema tu "hapo". Bega, "hapo". Ubavu, "hapo". Katikati ya baka, kimya. Nikarudia, kimya. Ulikuwa ukoma. Dawa zake hutolewa bure, miezi 6 kwa wenye mabaka machache, miezi 12 kwa wenye mengi, na akianza dawa hachukui muda kuacha kuambukiza. Baka lolote lenye rangi hafifu, gusa kwa pamba kabla ya kuandika fangasi. Na fangasi iliyopakwa krimu za kujichubua, zile zenye steroidi, inapoteza umbo lake la duara na kuenea kimyakimya, kwa hiyo waulize akina mama kuhusu mkorogo bila kuwaaibisha.

Viungo hivi ni majirani, na mara nyingine jibu liko kwa jirani. Mkanda wa jeshi usoni ukitoa malengelenge hadi ncha ya pua, jicho liko hatarini, na mtu huyo ashauriwe kupima VVU. Kijana akija na macho mekundu na vidonda mdomoni, fungua shati: kama ngozi ina madoa meusi yanayouma au inachubuka, muulize alimeza nini wiki chache zilizopita. Septrini inaweza kufanya hivyo. Dawa inaachwa papo hapo na anapelekwa hospitali, kwa sababu huyo anaweza kufa, huku sisi tunabishana kuhusu tyubu ya macho. Na mtu mwenye ualbino, akija kwa lolote lile, naangalia masikio, pua, midomo, shingo na mikono kutafuta kidonda kisichopona. Saratani ya ngozi inaanza kama kigaga. Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapa nchini, Moshi, na wapo wasioambiwa kamwe kwamba yapo.

Ninapompa mtu rufaa, siandiki tena "tatizo la macho". Naandika uwezo wa kuona kwa kila jicho, upande, siku lilipoanza, nilichokiona kwa tochi, kilichowekwa nyumbani, dawa niliyompa na saa niliyoitoa. Namuuliza nauli ataipata wapi, kwa sababu barua nzuri bila nauli inaishia kwenye mkoba. Mara nyingine tunampigia mwenyekiti wa kijiji, mara nyingine anauza kuku. Naandika namba yangu ya simu chini ya barua, na jioni nampigia yeye au jirani yake kuuliza kama amefika.